Mchaniko wa Njia ya Haja Kubwa na Vidonge vya Homeopathi

Miongoni mwa maradhi yanayowatesa watu kimya kimya ni yale ya njia ya haja kubwa. Mtu aliyeteguka mguu huusimulia mkasa wake sokoni, na mwenye homa huhimizwa na jirani zake aende zahanati. Lakini mwenye maumivu ya tupu ya nyuma huyavumilia kwa miezi, na aghalabu hata mwenzi wake wa ndoa hupata habari kwa kuchelewa. Katika vijiji vilivyo karibu na Nyakahanga, wilayani Karagwe, tabibu hayuko mbali. Hapo ipo hospitali ya Dayosisi ya Karagwe ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, ambayo kwa miaka mingi ilitumika kama Hospitali Teule ya Wilaya. Kinachomzuia mgonjwa kufika si mwendo bali ni haya.

Palipo na ugonjwa unaofichwa, dawa inayouzwa bila mgonjwa kuvua nguo hupata wanunuzi. Mojawapo ya dawa za namna hiyo ni vidonge vya homeopathi: punje ndogo nyeupe, tamu, zisizo na harufu, ambazo wafuasi wa tiba hiyo duniani kote huzipendekeza kwa bawasiri na kwa michaniko ya njia ya haja kubwa. Yafaa ichunguzwe punje hizo zinafanya nini hasa, na uchunguzi huo hauwezi kufanyika kabla ya kuufahamu ugonjwa wenyewe.

Ugonjwa wenyewe

Katika mazungumzo ya kawaida, kila kinachouma au kutoa damu mahali pale huitwa bawasiri, na wengine husema mgolo. Lakini bawasiri na mchaniko ni vitu viwili. Bawasiri ni kuvimba kwa mito laini yenye mishipa ya damu, ambayo kila binadamu anayo ndani ya mwisho wa njia hiyo na ambayo humsaidia kuzuia choo. Mchaniko ni ufa katika ngozi nyembamba ya mlangoni. Jeraha jembamba na refu, kama mpasuko wa mdomo wakati wa kiangazi.

Tofauti ya maumivu yake inatokana na mishipa ya fahamu. Sehemu ya juu ya njia hiyo ina mishipa ya fahamu ya aina ile ile iliyo katika utumbo, ambayo haihisi mkato wala mchomo. Ndiyo sababu bawasiri ya ndani huweza kutoa damu nyingi bila kuuma. Sehemu ya chini ina mishipa ya fahamu kama ile ya ngozi ya kidole, yenye kuhisi kila kitu. Ufa hutokea huku chini. Mgonjwa huhisi kana kwamba anapitisha kipande cha chupa, kisha hubaki na maumivu ya kukaza au ya kuwaka ambayo huweza kuendelea kwa saa kadhaa. Damu yake huwa kidogo, nyekundu na mbichi, na huonekana juu ya choo au wakati wa kujisafisha.

Takriban michaniko tisa kati ya kila kumi hutokea upande wa nyuma, katikati kabisa, kwenye mstari wa uti wa mgongo. Kwa wanawake, hasa baada ya kujifungua, baadhi hutokea mbele. Sababu ya sehemu ya nyuma kuathirika hivyo imeeleweka zaidi tangu miaka ya 1990, ilipopimwa mtiririko wa damu katika ngozi hiyo: upande wa nyuma hupata damu chache kuliko pande nyingine, na jeraha lisilopata damu ya kutosha hupona polepole.

Mlango huo umezungukwa na misuli miwili iliyo kama pete. Pete ya nje humtii mwenyewe. Pete ya ndani haimtii, bali hujikaza na kulegea yenyewe. Ngozi ikichanika, pete ya ndani hukaza kupita kiasi. Kukaza huko huleta maumivu, na pia huibana mishipa midogo ya damu, hivyo ngozi iliyokuwa na damu chache huzidi kupungukiwa. Hapo mgonjwa huanza kuogopa kwenda haja. Hungoja leo, hungoja kesho, na kadiri choo kinavyokaa ndani ndivyo utumbo unavyozidi kufyonza maji yake na kukiacha kigumu. Siku kinapotoka, ufa uliokuwa unaanza kujifunga huchanika upya. Duara hili la maumivu, kukaza, kuogopa na choo kigumu ndilo ugonjwa. Dawa yoyote idaiyo kuuponya mchaniko inapasa ioneshe ni mahali gani katika duara hilo inapolikata.

Ndizi, maharage na maji

Mkulima wa Karagwe hula ndizi za kupika pamoja na maharage, na chakula hicho, kikiliwa kwa uwiano mzuri, si kibaya hata kidogo kwa ugonjwa huu. Lakini uwiano ndio jambo lenyewe. Ndizi zilizochemshwa huwa na takriban gramu 2 tu za nyuzinyuzi katika kila gramu 100. Maharage yaliyopikwa huwa na gramu 6 au zaidi. Sahani iliyojaa ndizi na kijiko kimoja cha mchuzi wa maharage haifanyi kazi sawa na sahani ambayo maharage yamechukua nusu yake. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Vivyo hivyo kwa wale ambao wameuacha unga wa dona wakahamia sembe kwa sababu ya weupe wake: kilichobaki kwenye pumba za mashineni ndicho ambacho kingelainisha choo chao.

Nyuzinyuzi bila maji hazifai kitu. Katika msimu wa kuchuma kahawa mtu huweza kufanya kazi tangu asubuhi hadi alasiri kwa kikombe kimoja cha chai, na jioni akanywa rubisi, ambayo pombe yake humfanya akojoe maji mengi zaidi. Choo cha mtu kama huyo hakiwezi kuwa laini.

Homeopathi ilivyoanza

Homeopathi si tiba ya Kiafrika, wala si tiba ya mitishamba, ingawa wengi huichanganya nayo. Ilianzishwa na daktari wa Kijerumani, Samuel Hahnemann, aliyezaliwa Meissen mwaka 1755 na kufariki Paris mwaka 1843. Mwaka 1790, alipokuwa akitafsiri kitabu cha dawa cha daktari wa Uskoti, William Cullen, hakuridhika na maelezo ya namna gome la mkwinini linavyotibu homa za vipindi. Akalinywa mwenyewe akiwa mzima, akahisi dalili zilizofanana na za homa ile. Kutokana na hilo akaunda kanuni kwamba kitu kinacholeta dalili fulani kwa mtu mzima huponya dalili hizo hizo kwa mgonjwa. Aliitangaza mwaka 1796, na mwaka 1810 akatoa kitabu chake kikuu, Organon.

Mkwinini ni mti unaojulikana Afrika Mashariki. Wajerumani waliupanda Amani, katika Usambara, na mashamba yake yamekuwapo Kivu, upande wa pili wa Rwanda. Mamilioni ya watu wamepewa kwinini itokanayo na gome lake, na haiwaletei wazima homa ya malaria. Inatibu malaria kwa sababu inamuua kijidudu, ambaye Hahnemann hakuweza kumjua. Aligunduliwa na Alphonse Laveran mwaka 1880.

Ili kumtendea haki, inapasa isemwe kwamba madaktari wa zama za Hahnemann waliwatoa wagonjwa damu kwa mabakuli na kuwapa zebaki. Mgonjwa aliyekwenda kwake akapewa punje ya sukari alikuwa salama kuliko jirani yake aliyekwenda kwa daktari wa kawaida. Sifa za kwanza za homeopathi zilitokana na madhara ya wengine.

Kanuni yake ya pili ni ya kuzimua. Sehemu moja ya dawa huchanganywa na sehemu 99 za maji au pombe, ikatikiswa kwa nguvu. Sehemu moja ya mchanganyiko huo huchanganywa tena na 99, na kuendelea. Kila hatua huandikwa kwa herufi C. Dawa nyingi za mchaniko huuzwa zikiwa na alama 30C, yaani zimezimuliwa mara 30 kwa namna hiyo. Wafuasi huamini kwamba kadiri dawa inavyozimuliwa ndivyo inavyopata nguvu.

Hesabu hii si ngumu kuifuata kwa mtu anayelijua Ziwa Viktoria. Ziwa hilo lina takriban kilomita za ujazo 2,700 za maji. Mililita moja ya maji ni kama matone 20. Ukidondosha tone moja la dawa Bukoba, na likachanganyika sawasawa na maji yote hadi Kisumu, Jinja na Mwanza, utakuwa umefika kati ya hatua ya tisa na ya kumi ya Hahnemann. Bado hatua 20, na kila moja kati ya hizo huzimua tena mara mia. Kemia kwa upande wake hufahamu, kwa kutumia nambari ya Avogadro, idadi ya molekuli zilizomo katika kipimo cha kitu chochote. Na kwa idadi hiyo, kipimo cha kawaida kikishapita hatua ya 12 haitarajiwi kubaki hata molekuli moja. Punje ya 30C ni sukari iliyodondoshewa maji au pombe.

Hapo ndipo homeopathi inapoachana na mitishamba. Mganga wa jadi anayechemsha mizizi humpa mgonjwa kitu. Kitu hicho huweza kuwa dawa, huweza kuwa sumu, huweza kuwa chakula tu, lakini kinaweza kupimwa katika maabara. Ndani ya punje ya 30C hakuna cha kupimwa.

Asidi ya nitriki na nitrogliserini

Dawa inayotajwa mara nyingi na vitabu vya homeopathi kwa mchaniko ni Acidum nitricum, yaani asidi ya nitriki, kwa mgonjwa anayehisi kama vibanzi vinamchoma wakati wa haja na baada yake. Nyingine ni Ratanhia, mzizi wa mmea wa Peru. Kwa bawasiri hutajwa Aesculus, inayotokana na mti wa Ulaya. Asidi ya nitriki ikigusa ngozi huiunguza na kuacha kidonda. Basi, kwa kanuni ya Hahnemann, ikizimuliwa itaponya kidonda kinachochoma.

Sayansi nayo ilikuja kuifikia nitrojeni, lakini kwa njia nyingine. Mwaka 1847 mkemia Ascanio Sobrero, mjini Turin, alitengeneza nitrogliserini kwa kutumia asidi hiyo hiyo ya nitriki. Alipoionja alipatwa na maumivu makali ya kichwa. Muda si mrefu mhomeopathi Constantine Hering, huko Philadelphia, aliichukua, na kwa kuwa ilileta maumivu ya kichwa, akaipendekeza ikiwa imezimuliwa kwa watu wenye maumivu ya kichwa. Mwaka 1879 daktari William Murrell wa London alieleza namna alivyoitumia kwa maumivu ya moyo, kwa vipimo vidogo lakini halisi. (Alfred Nobel, aliyetajirika kwa kuitia nitrogliserini ndani ya baruti, aliandikiwa na madaktari wake aitumie kwa moyo wake mwishoni mwa maisha yake.) Miaka mia moja na zaidi ilipita kabla ya kueleweka kwamba mwilini nitrogliserini hutoa oksidi ya nitriki, na kwamba gesi hiyo ndiyo ishara ambayo mwili hutumia kuiamuru misuli laini ilegee. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kazi hiyo.

Pete ya ndani ya njia ya haja kubwa ni msuli laini. Hivyo madaktari walijaribu kuipaka nitrogliserini. Mwaka 1997 madaktari wa Uingereza, Jonathan Lund na John Scholefield, walitoa matokeo ya wagonjwa 80 wenye michaniko sugu: nusu walipaka mafuta yenye nitrogliserini ya asilimia 0.2, nusu mafuta matupu. Baada ya wiki nane, asilimia 68 ya kundi la kwanza walikuwa wamepona, na asilimia 8 ya kundi la pili. Na wengi wa kundi la kwanza waliumwa kichwa, kama Sobrero alivyoumwa. Dawa iliyomo hujionesha kwa faida yake na kwa udhia wake pia. Hapo duara limekatwa mahali panapojulikana, penye msuli unaokaza.

Kwa nini baadhi ya wanaotumia punje hupona

Mtu aliyetumia punje za homeopathi akapona hasemi uongo. Amepona kweli. Swali ni je, asingalipona bila punje hizo?

Majaribio mengine yaliyofuata hayakutoa tofauti kubwa kama ile ya mwaka 1997. Mwaka 2012 yalipojumlishwa majaribio ya nchi mbalimbali, ilionekana kwamba nitrogliserini iliponya asilimia 48.9 ya wagonjwa, na mafuta matupu, yasiyo na dawa yoyote, yalifuatiwa na kupona kwa asilimia 35.5. Takwimu hii ya pili ndiyo ya kuzingatiwa. Zaidi ya mgonjwa mmoja katika kila watatu walipona huku wakipaka kisicho dawa. Na michaniko mipya, ambayo haijatimiza wiki sita, hupona kwa urahisi zaidi kuliko hiyo. Muuzaji wa kitu chochote, hata kingekuwa unga wa muhogo, atapata mashahidi wengi wa kweli, na wale ambao hawakupona hawatarudi kumtolea ushahidi.

Aidha, mgonjwa hununua dawa siku maumivu yanapofikia kilele, na baada ya kilele hushuka. Aghalabu muuzaji humshauri pia anywe maji mengi na ale mboga, ushauri ulio mzuri, lakini sifa yake huchukuliwa na punje.

Baraza la Taifa la Utafiti wa Afya na Tiba la Australia lilichunguza ushahidi kuhusu magonjwa na hali 61, na mwaka 2015 likatangaza kwamba hakuna hata mmoja ambao kwao homeopathi imethibitika kufaa. Tanzania nayo imewahi kuguswa na mjadala huo: mwaka 2008 ulianzishwa mradi wa Homeopathy for Health in Africa, ulioendesha kazi zake mkoani Kilimanjaro na kuwalenga hasa watu wenye virusi vya UKIMWI. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilionya dhidi ya kutumia homeopathi kutibu UKIMWI, kifua kikuu, malaria, mafua makali na kuhara kwa watoto wachanga. Nchini, watoa tiba za aina hii husimamiwa kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002. Usajili chini ya sheria humtambulisha mtoa tiba. Hauthibitishi kwamba dawa yake inaponya.

Kinachoponya

Mwaka 1986 daktari mmoja wa Denmark alitoa matokeo ya jaribio ambalo lingeweza kufanywa katika kituo chochote cha afya Karagwe. Wagonjwa waliopata mchaniko kwa mara ya kwanza waligawanywa katika makundi matatu. La kwanza lilipaka dawa ya ganzi, la pili mafuta ya haidrokotisoni, la tatu lilikalia maji ya uvuguvugu na kula pumba za ngano. Baada ya wiki tatu kundi la maji na pumba lilikuwa limepona kwa asilimia 87, na la ganzi kwa asilimia 60.

Matibabu hayo ya kwanza hayagharimu zaidi ya karai, kuni na maharage. Maji yawe ya uvuguvugu ambao kiwiko cha mkono hakiukatai. Mgonjwa akae ndani yake dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku, na hasa baada ya haja. Joto huilegeza pete. Si lazima kutia chumvi, na dawa za kuua vijidudu zisitiwe, kwa kuwa huchoma jeraha. Maharage, mboga za majani, mapapai na unga wa dona viongezwe kidogo kidogo ili tumbo lisijae gesi, na maji yanywewe mchana kutwa. Haja isiahirishwe, na mtu asijikamue kwa nguvu. Kwa mtoto mchanga na kwa mama aliyejifungua kanuni ni ile ile ya kulainisha choo, ila dawa yoyote ya kunywa ichaguliwe na mhudumu wa afya.

Wiki sita zikipita bila nafuu, mchaniko umekuwa sugu. Hapo daktari huweza kuandika mafuta ya nitrogliserini au ya diltiazemu, ambayo hayapatikani katika kila duka la dawa. Anayetumia vidonge vya nguvu za kiume kama Viagra asiipake nitrogliserini kamwe, kwa maana viwili hivyo vikikutana hushusha shinikizo la damu kwa kiasi cha hatari. Ikishindikana, daktari wa upasuaji hukata sehemu ndogo ya pete ya ndani. Upasuaji huu huponya wagonjwa zaidi ya tisa katika kila kumi, lakini wachache hubaki na udhaifu wa kuzuia upepo au choo, hivyo haufanywi kwa haraka.

Ambayo si mchaniko

Punje ya sukari yenyewe haimdhuru mtu. Kinachomdhuru ni muda anaoutumia kungoja. Mchaniko ulio pembeni, si nyuma wala mbele, au usiouma, au ulio zaidi ya mmoja, humtia daktari mashaka ya kifua kikuu, kaswende au virusi vya UKIMWI. Na Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI Tanzania, mwaka 1983. Uvimbe unaopwita pamoja na homa ni jipu, nalo hupasuliwa siku hiyo hiyo. Damu iliyochanganyika na choo, pamoja na ute, huweza kuwa kichocho cha tumbo kwa mtu anayeoga au kuvua katika maji yenye konokono. Na damu iliyochanganyika na choo kwa mtu ambaye desturi yake ya kwenda haja imebadilika, anayekonda, au anayehisi kila mara kwamba hajamaliza, huweza kuwa saratani ya puru. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema hukatwa na kupona. Ikichelewa, safari ya Bugando, Mwanza, au ya Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, huwa ya kupunguza maumivu tu.

Kuyatenganisha haya kunahitaji jicho na kidole cha tabibu. Mgonjwa hulala kwa ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea kifuani, akafunikwa shuka. Anaweza kuomba ahudumiwe na mwanamume au mwanamke, na kuomba mtu awepo. Tabibu huyatenganisha makalio taratibu, na mara nyingi ufa huonekana hapo hapo. Ukionekana na unauma sana, kidole hakiingizwi siku hiyo, bali mgonjwa hupewa tarehe ya kurudi maumivu yakishapungua. Kazi yote huchukua dakika chache.